Reli ya mabomba ya upepo kwenye tela la friji: miezi minane barabarani

Tela langu la friji lilitoka Uingereza likiwa kuukuu, na mwanzoni nilidhani kile chuma cha mbele ni cha kuning'inizia turubai. Fundi aliyekuja kutazama mashine ya baridi ndiye aliyenitoa ushamba: "Kaka, mbona unapanda huko juu na reli unayo?" Ilikuwa imeganda kwa kutu. Akaigonga, akaiosha kwa dizeli, ikatembea.

Kwa asiyeijua: soketi za upepo na umeme hazikai katikati ya ukuta wa tela. Zimefungwa kwenye kibao kimoja kinachotembea juu ya reli. Nasimama chini upande wa dereva, nachomoa pini, navuta kibao mpaka kinifikie kifuani. Bomba jekundu la kujaza upepo kwenye tela, la njano la breki ya mguu, plagi ya taa, plagi ya ABS, ile ya kuzuia matairi yasigande ukifunga breki. Nakirudisha katikati, pini inalia "ta!", basi. Hakuna kupanda.

Mwenye tela la bati ataona ni mbwembwe. Kwenye friji si hivyo. Mashine inachomoza mbele, kichwa, yaani gari la kuvuta, kikishaingia, nyuma ya kabini unapita kwa ubavu, na bamba la kukanyagia lina grisi. Ndiyo maana wengi tunaingiza kichwa nusu, tunachomeka mabomba, ndipo tunamalizia kurudi nyuma hadi kingipini, ile pini nene ya chini ya tela, ijifunge kwenye kichwa. Hapo ndipo watu wanapobanwa. Tela lisilo na upepo limeshikwa na breki za dharura. Jekundu likiingia tu, zinaachia. Kama handibreki ya kichwa hukuvuta na ya tela nayo haikufungwa, hakuna kinachoshika.

Mimi yalinikuta Makambako, alfajiri ya Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye matairi, nimebeba parachichi. Nilipochomeka jekundu nikasikia upepo unajaa, nikafurahi. Kisha nikaona nguzo ya geti inapita pembeni yangu. Gari zima lilikuwa linateremka nami nimesimama nyuma ya kabini kama nyanya kwenye tenga! Bahati utingo alikuwa ndani anakunywa chai. Alivuta handibreki, chai yote ikaishia mapajani. Kosa langu mia kwa mia. Wiki iliyofuata ndipo nilipomwita yule fundi.

Sasa lawama. Reli hii haipendi vumbi. Ukiipaka grisi, vumbi la mchepuko linageuka msasa na kibao kinagoma katikati. Mimi naifuta kwa kitambaa kikavu kila safari, grisi kidogo kwenye pini tu. Springi ya pini ilikatika mwezi wa tatu wa kuitumia. Nilizunguka maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, hadi miguu ikawaka, spea hakuna. Fundi akakata springi ya boneti ya Fuso, elfu kumi na tano pamoja na chai yake, na bado inalia "ta" vilevile. Pini ikilegea, usiondoke: kona za mlima Kitonga zitakitoa kibao nje na mabomba yatakwaruza chuma.

La kuangalia zaidi ni mabomba ya nyuma ya kibao, yale yanayojikunja kila ukivuta. Langu la njano lilipasuka kwenye mkunjo. Na la njano lina ujanja wake: linavuja ukikanyaga breki tu, kwa hiyo ukizunguka gari limepaki husikii kitu. Sasa kila asubuhi utingo anakanyaga, mimi nasikiliza.

Handibreki navuta bado, reli au bila reli, na nikishaunganisha navuta kidogo mbele kuhakikisha kingipini imeshika.

Ukienda kununua tela la friji na muuzaji akakuambia hicho chuma ni urembo tu wa Wazungu, usimkosoe. Mwombe akupunguzie bei.