Boti ya rimoti Mikindani: matanga yalinitesa wiki tatu

Boti yenyewe ni ya tanga, urefu sentimita 65, nimeinunua laki sita na nusu kwa muuzaji wa Dar. Ilikuja na basi, nikaipokea stendi Mtwara ikiwa nzima. Kijitabu chake ndiyo balaa. Kuhusu matanga kinasema ukaze kamba, basi. Nikakaza. Zote.

Siku ya kwanza Mikindani maji yamejaa, kusi inapuliza kidogo, boti inakwenda kama imetia nanga. Watoto wa pale, na viboti vyao vya mbao vyenye tanga la sandarusi, walinipita wakicheka. Upepo ukizidi, boti inalala ubavu, kisha inajigeuza yenyewe kuutazama upepo hata usukani niupinde vipi. Nikampigia muuzaji, akasema ni betri. Nikanunua betri mpya. Hali ile ile.

Mzee jirani yangu, nahodha wa mashua enzi zake, aliitazama ikipita mara mbili tu.

"Mjukuu wangu, tanga umeliwamba kama ngoma. Lipe tumbo."

"Babu, kijitabu kinasema nikaze."

"Hicho kijitabu kimewahi kwenda bahari?"

Nikalegeza kamba ya pembe ya nyuma ya tanga kubwa, mpaka katikati ya tanga pakaachana na ufito wa chini kama milimita 15. Nilipima kwa rula ya mwanangu. Kuna kamba nyingine fupi, inauvuta ufito huo chini. Hii ndiyo ilinichosha. Ukiikaza mno, tanga linasimama kama mlango. Ukiilegeza mno, sehemu ya juu inamwaga upepo wote. Nilikuwa nachutama nyuma ya boti, natazama ukingo wa tanga, mpaka nikaona unafunguka taratibu kadiri unavyopanda. Tanga dogo la mbele nalo lifunguke vivyo hivyo, la sivyo yanaharibiana upepo. Na demani, ile kamba ya kuvuta na kuachia tanga: rimoti ikivuta mpaka mwisho, ufito wa tanga kubwa usifike katikati kabisa, ubaki upana wa kidole.

Kule kujigeuza kulitokana na mlingoti kulalia nyuma. Nilifupisha kamba ya mbele, nikalegeza ya nyuma, ncha ikasogea kidogo tu. Usukani ukawa mwepesi. Sasa ikibisha, yaani ikipanda upepo kwa kukata huku na huku, inageuka mara moja, haigandi.

Mabaya yapo. Vishikizo vya plastiki vinateleza kamba ikilowa, kwa hiyo kila fundo nimelitia tone la gundi. Usipoisuuza boti kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi inaila sevo, kile kimota kinachovuta kamba na usukani. Na seti ya matanga ni moja tu, kubwa, wakati kusi ya Julai ikishapita saa nane mchana inataka matanga madogo. Wenzetu wa boti za mita moja, zile IOM, kanuni zao zinaruhusu seti tatu. Mimi seti ya pili nitainunua kando, na bei yake inaniumiza kichwa. Kabla ya kutoka tazama maji pia: yakipwa, mkuku, ule wa chini ya boti, unakwama kwenye tope na utaifuata kwa miguu.

Ningeinunua tena, ila kwa muuzaji mwingine. Mzee naye keshaizoea rimoti. Jumapili iliyopita alinirudishia betri zimekwisha kabisa.