Jahazi la siku nzima Khasab, Oman: nitarudi, ila kuna mambo wayarekebishe

Mimi ni mtu wa Mikindani, nauza madera na abaya hapa Mtwara mjini, kila mwaka naenda Dubai mara moja au mbili kufata mzigo na nafikia kwa binamu yangu anayekaa Ras al Khaimah. Mwezi wa kwanza mzigo ukachelewa siku tatu, binamu akasema sasa wewe utakaa ndani unatazama TV siku tatu, twende Khasab ukaone bahari ya wenzetu. Nikakubali kwa sababu moja tu, alisema tutapanda jahazi. Baba yangu ni fundi wa majahazi, nimekulia kwenye maranda ya mbao na harufu ya sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo, jahazi kwangu sio utalii, ni ada ya shule na daftari nilizonunuliwa nikiwa mdogo.

Kwa asiyejua, Khasab ndo mji mkuu wa Musandam, kipande cha Oman kilichokatika na Oman yenyewe, katikati wamepita Emirates, yaani mtu wa Muscat akitaka kuja huku kwa gari lazima avuke mpaka aingie nchi ya watu halafu avuke tena, au apande ndege au feri. Kutoka Ras al Khaimah ni karibu, saa moja na nusu mpaka mbili na foleni ya mpakani, barabara inapita chini ya jabali, kushoto bahari, kulia mwamba, na hakuna kingine. Angalizo muhimu kabla sijasahau: kama viza yako ya Emirates ni ya kuingia mara moja, ukitoka kwenda Khasab ndo umeshaitumia, kurudi unahitaji nyingine. Mimi nilikuwa na ya kuingia mara nyingi. Na mawakala wengine wanakupeleka Dibba, upande wa pili wa milima, wanakwambia hii Musandam. Ni kweli ni Musandam, lakini ile hori kubwa inayoitwa Khor Sham iko upande wa Khasab, kwahiyo uliza kabla hujalipa.

Hilo neno Khor ndo lilinifanya nisimame pale bandarini. Khor ni hori. Ni hori hiihii yetu, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, neno moja, wao wanalitamka kooni tu. Watalii wote pale wanaimba Norwe, Norwe, Norwe ya Arabuni, kwa sababu Norwe nako kuna hori zenye kuta za milima, lakini mtu wa Mikindani hahitaji Norwe kuelewa pale, wewe chukua ghuba yetu ya Mikindani, uirefushe iwe kama kilomita 17, uipindepinde, halafu kila upande badala ya minazi uweke ukuta wa mawe unaopanda moja kwa moja kutoka majini. Na za Norwe zilichimbwa na barafu, hizi hapana, ardhi yenyewe ndo inazama polepole kwa sababu bamba la Arabuni linajisukuma chini ya bamba la Asia, bahari ikaingia kwenye mabonde, vilivyokuwa vilele vikabaki visiwa. Mawe ya chokaa, matabaka yake yanaonekana kabisa kama mikeka iliyopangwa mmoja juu ya mwenzake halafu mtu akaisukuma kwa pembeni ikajikunja. Mti hakuna. Nilitafuta mti nikachoka.

Sasa huduma yenyewe. Tulilipa riyali 20 kila mtu kwa siku nzima, riyali ya Oman ni nzito, ni kama dola mbili na senti 60, kwahiyo piga hesabu ni laki na thelathini hivi za kwetu. Ipo ya nusu siku, bei chini, ila nusu siku unageuza kabla hujaanza kufurahi. Jahazi ni kubwa, la mbao kweli, limetandikwa mazulia na mito sitaha nzima, unavua viatu unakaa chini kama uko ukumbini kwa mwenye shughuli, kivuli kipo, choo kipo na ni kisafi, lifejaketi zilikuwepo za kutosha na za watoto pia, hilo nawasifu sana kwa sababu kwetu bado tunabembelezana. Tulichelewa kuondoka dakika 40 tukisubiri basi la kundi lingine, hakuna aliyekuja kutuambia samahani. Hilo halikunipendeza lakini sikulibeba moyoni.

Tukitoka bandarini upepo ulikuwepo kidogo, tulipoingia ndani ya hori ukakatika, maji yakalala. Nahodha akazima injini mara moja tu, dakika kama tano, na hizo dakika tano ndo nilizolipia, kimya kile sijawahi kukisikia baharini, kwetu hata usiku wa manane kuna mawimbi yanapiga mwamba na minazi inaongea, pale hata mtu akikohoa mlima unamjibu. Afu mtu akawasha spika. Jamani naomba kampuni zote za pale zinisikie, muziki subirini kurudi!

Pomboo tuliwaona, wengi, wanakuja wenyewe kucheza kwenye omo, yaani mbele ya jahazi, maana wanapenda yale mawimbi. Hapa pia nina neno. Zilikusanyika boti tano kwenye kundi moja, wahudumu wanapiga miluzi na makofi, boti moja ya faiba ikawa inawazunguka kwa spidi ili wateja wapate video, na pomboo mmoja alikuwa na mtoto ubavuni. Mtu aliyekulia pwani anajua mnyama yule akikimbizwa anachoka, na kesho haji. Jahazi likienda taratibu kwa mwendo uleule wao wanakufata bila kuitwa, tuliona wenyewe asubuhi kabla wengine hawajafika.

Ndani ya hori kuna vijiji vidogovidogo vimebanwa kati ya mlima na maji, barabara hakuna, unafika kwa boti tu, hata maji ya kunywa wanaletewa kwa boti. Nje ya hori, mbali zaidi, kuna kijiji cha Kumzar, karibu na mlango bahari wa Hormuz kabisa, safari yetu haikufika huko, watu wake wana lugha yao ya Kikumzari yenye Kiajemi na Kiarabu ndani yake, na kiangazi joto likizidi wanahamia Khasab kwenye mitende yao. Haya nilisoma kwenye makumbusho baadaye, ndani ya boti mwongozaji alisema tu "hiki kijiji, piga picha". Na watu wakapiga, kuna mama alikuwa anaanika nguo, simu 20 zimemuelekea. Mimi simu yangu nililaza kifudifudi mapajani. Nimewahi kuwa mtoto wa ufukweni anayepigwa picha na wageni bila hata salamu, najua inavyokaa moyoni.

Tulisimama kwenye kisiwa cha Telegraph, watu wakaogelea. Ni jiwe tu dogo lina mabaki ya kuta. Mwaka 1864 Waingereza walipitisha hapo waya wa simu za maandishi kutoka India kwenda Iraq, wakaweka kituo, na baada ya miaka michache wakakiacha. Ukikanyaga pale saa saba mchana, mwezi wa kwanza tu, unawaelewa. Maji lakini matamu, ya kijani, unaona mpaka chini, miwani ya kuzamia ilikuwa michache tukapokezana.

Chakula: biriani ya kuku, kachumbari, hamasi (ile rojo ya dengu), mikate, matunda, tende na kahawa ya iliki muda wote bila kuhesabiwa vikombe. Kitamu, sina ugomvi na mpishi. Lakini pwani ya wavuvi, nguru wako pale wamelala kwenye barafu sokoni asubuhi nimewaona kwa macho yangu, mnanipa kuku? Wekeni samaki wa kuchoma na ndimu, mgeni atasahau mpaka muziki wenu.

Nije kwenye lililoniuma zaidi. Siku nzima tumekaa juu ya jahazi, hakuna mtu aliyesema neno moja kuhusu jahazi. Nilimuuliza mwongozaji mbao gani hii, akasema mbao. Nikauliza limeundwa wapi, akasema zamani. Sasa hawa ndo watu ambao babu zao walikuja kwetu na kaskazi wakarudi na kusi, wakachukua boriti za mikoko Rufiji wakaenda kuezekea nyumba zao za Ghuba, walioacha ile ngome ya Kilwa Kisiwani tunayoiita Gereza, na biashara ya watu pia waliifanya, Kilwa na Mikindani hatujasahau. Hayo yote yalipita juu ya mbao kama zile tulizokalia, mgeni anashuka anajua majina ya pomboo tu.

Bahati binamu alisisitiza tupite ngome ya Khasab kabla ya kuondoka. Hii kwangu ilizidi safari nzima. Ngome iko mjini, asili yake ni Wareno mwanzoni mwa karne ya 17, wameitengeneza vizuri, na uani kuna vyombo vya zamani vimewekwa juu ya nchi kavu. Kimoja kinaitwa zaruka. Kingine kibao chake kimeandikwa mashuwa, nikasoma mara mbili, mashua! Na kingine kinaitwa battil, chombo cha Kumzar, chembamba, tezi yake, yaani upande wa nyuma, imenyanyuka juu, kimepambwa kwa kauri, na baadhi ya sehemu zimeshonwa kwa kamba badala ya misumari, kama mitepe ya pwani yetu ambayo hata baba hakuiwahi, aliisikia kwa babu yake.

Nikampigia baba video palepale. Bando iliniumiza lakini nilimpigia. Hakusalimia, alisema "rudisha nyuma, nionyeshe mkuku", ule uti wa mgongo wa chombo kwa chini, nikarudisha, "nenda omo", nikaenda, "sasa ingiza simu ndani nione mataruma", yaani mbavu za chombo, mlinzi akanitazama, nikamuonyesha uso wa mzee kwenye simu nikamwambia kwa Kiarabu changu cha sokoni kuwa huyu ni fundi, akanipisha. Baba akakaa kimya muda mrefu. Akasema wamekalafati vizuri, yaani nyufa kati ya mbao zimezibwa sawasawa, ila upande wa kushoto kuna ubao umebadilishwa na aliyeubadilisha alikuwa na haraka. Mlinzi akauliza amesema nini, nikamtafsiria, akaenda kuangalia ule ubao.

Kwahiyo alama zangu: mandhari tano juu ya tano, usafi na usalama tano, chakula nne, mwongozaji mbili, ngome wangekuwa na sita ningewapa sita. Nendeni kati ya mwezi wa kumi na wa nne, kiangazi chao joto linapita nyuzi 40 na jahazi halina kiyoyozi. Chukua siku nzima, ukiweza lala usiku mmoja Khasab, asubuhi upande gari la mlimani kwenda Jebel Harim, mlima wa mita 2,087, mimi muda haukunitosha lakini aliyepanda alituonyesha picha za mawe yenye magamba ya viumbe vya baharini huko juu mawinguni. Mtu aliyesimama Shimo la Mungu pale Newala akaangalia chini bonde la Ruvuma atapata picha kidogo ya kimo, ila huko ni mara mbili yake na zaidi.

Baba pasi yake ya kusafiria imetoka wiki iliyopita. Tukijaliwa mwezi wa kwanza nakwenda naye, yeye tutamchukulia ile ya nusu siku kwa sababu ya magoti, na ngome tutaipa siku nzima.