Skrini ya inchi ngapi inaifaa meza yako? Anza na futi ya kupimia

Anayetaka kununua skrini ya kompyuta huuliza achukue inchi ngapi. Mimi humwuliza kwanza habari za meza. Chukua futi ya kupimia, weka ncha yake kwenye ukingo wa mbele, pale unapoegemeza mikono, uivute moja kwa moja hadi ukutani. Namba utakayoisoma ndiyo kina cha meza yako, na itakuongoza kuliko chochote kilichoandikwa kwenye boksi. Wengi hupima kutoka kushoto kwenda kulia tu, wakakuta sentimita 120, wakasema hata inchi 32 itaenea. Itaenea kweli, ila itakuwa usoni.

Macho hupenda skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa: sentimita 50 kwa uchache, 60 hadi 70 ndiyo raha, na skrini kubwa zaidi huhitaji hata 80. Sasa piga hesabu. Stendi ya kawaida ina kitako kinachokula kama sentimita 20 za meza, na kioo chenyewe huishia kusimama sentimita 12 hadi 18 kutoka ukutani. Kwenye meza yenye kina cha sentimita 60, kioo kinakuwa kama sentimita 45 kutoka ukingo wa mbele. Ukikaa wima, macho yako yanakuwa nyuma kidogo ya ukingo huo, tuseme sentimita 10 hadi 15. Jumla yake ni 55 hadi 60, na hapo ndipo mahali pa inchi 24. Meza ya sentimita 75 inakupa 70 au zaidi, na kuanzia hapo unaweza kuzifikiria inchi 27 na 32 bila wasiwasi.

Haya niliyajua kwa maumivu. Nilifanya kazi miezi kadhaa na inchi 32 juu ya meza yenye kina cha sentimita 55. Barua pepe nilikuwa nimeziweka kona ya juu kushoto, na kila zilipoingia niligeuza shingo na kuiinua kwa wakati mmoja. Shingo ilianza kukakamaa upande huohuo wa kushoto. Nilidhani ni mto wa kulalia, nikabadilisha mto. Siku niliyoisogeza meza mbali na ukuta na kuisukuma skrini nyuma, nafuu ilianza.

Inchi zinaficha umbo

Inchi za skrini hupimwa mshazari, kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Kwa hiyo skrini mbili zenye inchi sawa zinaweza kuwa na maumbo tofauti kabisa. Wanaokumbuka zile skrini bapa za zamani za inchi 19, zilizokaribia kuwa mraba, watashangaa kusikia kwamba kimo chake kilikuwa sentimita 30, sawasawa na inchi 24 pana ya leo. Ukitoka kwenye 19 ya zamani ukanunua 22 ya leo, unaongeza upana lakini unapoteza kimo, na anayesoma nyaraka ndefu ataliona pengo siku ya kwanza.

Vipimo vya kubeba kichwani, bila fremu, kwa skrini za umbo la 16:9 (yaani upana sehemu 16 kwa kimo sehemu 9) ni hivi: inchi 24 ina upana wa sentimita 53 na kimo cha 30, inchi 27 ni 60 kwa 34, inchi 32 ni 71 kwa 40. Mruko wa kutoka 24 kwenda 27 unasikika mdogo, inchi tatu tu, lakini eneo la kioo linaongezeka kwa zaidi ya robo. Kutoka 27 kwenda 32 linaongezeka kwa asilimia 40. Ndiyo maana inchi 32 humshtua mtu aliyeiona dukani kwenye ukumbi mpana, halafu akaifungua chumbani.

Kimo nacho kina hesabu yake. Ukingo wa juu wa skrini unapaswa kuwa sawa na macho au chini yake kidogo, ili utazame mbele na chini, kama mtu anayesoma kitabu alichokishika. Mtu wa urefu wa wastani, akiwa kwenye kiti na meza ya kawaida, macho yake huwa kama sentimita 45 juu ya meza. Inchi 27 yenye kimo cha 34 ikiinuliwa sentimita 10 na stendi inafika 44, yaani pale pale panapotakiwa. Inchi 32 inafika 50. Kama stendi yake haishuki, utafanya kazi huku umeinua kidevu. Wanaovaa miwani yenye lenzi za mbali juu na za kusomea chini waangalie zaidi hapa, kwa sababu wao husoma kwa kupitia sehemu ya chini ya lenzi, na skrini iliyo juu huwalazimisha kurudisha kichwa nyuma kutwa nzima.

Pikseli: ukubwa bila pikseli ni hasara

Skrini mbili za inchi 27 zinaweza kukaa rafu moja na zisifanane hata kidogo. Moja ina pikseli (zile nukta ndogo zinazounda picha) 1920 kwa 1080, ile inayoandikwa Full HD, nyingine 2560 kwa 1440, inayoandikwa QHD. Ya kwanza ina pikseli 82 kwa kila inchi, ya pili 109. Ukikaa sentimita 60 mbele ya ile ya kwanza unaona herufi zina kingo za ngazi ngazi. Kwa michezo au filamu unaweza kuvumilia. Kwa mtu anayesoma na kuandika saa nane kwa siku, sishauri hata kidogo, hata ikiwa kwenye punguzo. Full HD hiyohiyo kwenye inchi 24 ina pikseli 92 kwa inchi, na herufi zinasomeka vizuri.

Sasa orodha yangu, kuanzia ninayoipendekeza kwa wengi hadi ile ninayomwambia mtu afikirie mara mbili.

1. Inchi 27 ya QHD

Kama meza yako ina kina cha sentimita 70 au zaidi, usihangaike sana, chukua hii. Inaweka kurasa mbili za maandishi ubavu kwa ubavu, zote zikisomeka kwa ukubwa wake wa kawaida bila kuongeza kipimo cha herufi kwenye mipangilio. Kompyuta mpakato nyingi, hata za miaka kadhaa nyuma, zinaiendesha bila kulalamika. Kwa umbali wa sentimita 60 hadi 70 unaona kingo zote mbili kwa kuhamisha macho tu, shingo imetulia.

Ipo pia 27 ya 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, ambazo ni 163 kwa inchi. Herufi zake ni kali kama za kitabu kilichochapwa vizuri, na anayeshughulika na picha ataipenda. Ila elewa unachonunua: kwa ukubwa huo utalazimika kukuza herufi kwa asilimia 150, na ukishakuza, nafasi ya kufanyia kazi inarudi kuwa ileile ya QHD. Unalipia ukali wa herufi, hupati nafasi zaidi ya madirisha.

2. Inchi 24 ya Full HD

Meza ya sentimita 60 ndiyo meza ya watu wengi, na kwenye meza hiyo 24 inashinda 27. Sisemi hivi kumfariji mwenye nafasi ndogo. Ukiwa karibu, skrini ndogo inajaza macho sawasawa na skrini kubwa iliyo mbali. Inchi 24 kwa sentimita 55 na inchi 27 kwa sentimita 62 zinachukua pembe ileile ya uoni wako. Unachopoteza ni idadi ya pikseli, si ukubwa wa picha machoni.

Ukibahatika kuipata yenye pikseli 1920 kwa 1200, ichukue kabla ya ile ya 1080. Ile mistari 120 ya ziada kwa chini ni mistari kadhaa ya maandishi ambayo hutalazimika kuivuta. Na kama stendi inaruhusu kuigeuza isimame wima, umepata ukurasa mrefu wa zaidi ya sentimita 50 kwa wanaosoma mikataba, wanaohariri miswada au wanaoandika programu.

3. Inchi 32 ya 4K

Hii ni nzuri sana kwa mwenye kina cha sentimita 75 au 80. Ina pikseli 138 kwa inchi. Wengi hukuza herufi kwa asilimia 125 na bado wanabaki na nafasi kubwa kuliko ya QHD. Mhasibu mwenye majedwali mapana au fundi wa kuhariri video ataona tofauti ndani ya saa ya kwanza.

Usichanganye na 32 ya QHD, ambayo ina pikseli 92 kwa inchi, sawa na 24 ya Full HD. Si mbaya. Kwa mtu ambaye macho yake yanataka herufi kubwa, na hataki kuchezea mipangilio, naiona hata ni chaguo la busara. Ila asiitarajie kuwa kali.

Angalia pia tundu la kompyuta yako linalochomekwa waya wa skrini kabla ya kulipia 4K. HDMI ya toleo la 1.4 inatoa 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde, na kishale cha mausi kinaonekana kinaruka ruka kila unapokisogeza. Unahitaji HDMI 2.0, DisplayPort, au USB-C inayopitisha picha. Si kila tundu la USB-C linapitisha.

4. Skrini pana ya inchi 34

Hapa ndipo inchi zinapodanganya kuliko kwingine. Skrini ya inchi 34 ya umbo la 21:9 ina kimo cha sentimita 33 hivi, sawa na inchi 27. Kilichoongezeka ni upana tu, unaofika kama sentimita 80. Ndugu yake mdogo wa inchi 29 ana kimo kisichofika sentimita 29, yaani ni mfupi kuliko 24 ya kawaida, na mimi simpendekezi kwa anayesoma nyaraka.

Ile ya 34 yenye pikseli 3440 kwa 1440 ni nzuri kwa anayefungua madirisha matatu kwa pamoja au anayehariri sauti na video, kwa sababu mkanda wa muda unatandazwa wote mbele yake. Chukua iliyopinda. Kwa upana huo, kingo za skrini bapa zinakuwa mbali na macho kuliko katikati, na mpindo unazirudisha. Namba kama 1500R au 1800R ni nusu kipenyo cha duara la mpindo huo, kwa milimita. Kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo skrini inavyopinda zaidi.

5. Skrini mbili za 24

Zikiwekwa pamoja zinahitaji meza ya angalau sentimita 110 kwa urefu, na afadhali 120. Ubaya wake ni ile fremu ya katikati, ambayo inakaa mbele ya pua. Mpango unaofaa ni kuiweka moja mbele yako kabisa na nyingine pembeni ikiwa imegeuzwa kidogo, ukijua ipi ni ya kazi na ipi ni ya kutazama mara mojamoja.

6. Televisheni ya inchi 43

Nimeiweka mwisho kwa makusudi. Ina upana wa sentimita 95 na kimo cha 53, kwa hiyo inataka ukae karibu mita moja nayo. Pikseli zake zinatosha ikiwa ni 4K, kama 103 kwa inchi, lakini televisheni nyingi hupunguza taarifa za rangi zinapopokea picha, na maandishi mekundu juu ya weusi yanatoka yenye ukungu. Pia nyingi hazilali zenyewe kompyuta inapolala. Kwa filamu ni sawa. Kwa kazi ya kutwa, hapana.

Kabla ya kulipa

Kata kadibodi. Tumia vipimo nilivyotaja, ongeza sentimita moja kila upande kwa ajili ya fremu, uisimamishe mezani kwa kuiegemeza kwenye vitabu, sentimita 15 kutoka ukutani. Kaa mbele yake jioni nzima ukifanya kazi zako. Nimewaona watu waliokuwa na hakika na inchi 32 wakiikunja kadibodi hadi 27 kabla hawajamaliza kikombe cha chai.

Kama kina cha meza ni kidogo na bado unaitaka 27, dawa ni mkono wa chuma unaobanwa ukingoni mwa meza. Unaondoa kitako, unasukuma kioo nyuma, na unapata kimo unachotaka. Hakikisha nyuma ya skrini kuna matundu manne ya skrubu, kwa kawaida yaliyopishana milimita 100, au 75 kwa zile ndogo, na ulinganishe uzito wa skrini na uzito ulioandikwa kwenye mkono. Jihadhari na mikono inayokunjwa kama kiwiko: ikisukumwa nyuma, kiwiko hicho kinahitaji nafasi ukutani, na unaweza kujikuta hujaokoa hata sentimita moja. Pima pia unene wa ubao wa meza na uangalie kama nyuma kuna upapi unaozuia kibanio kushika. Meza ya kioo usiibane kabisa.