Kazi ya utafiti wa TB na umaskini Mukuru: maoni yangu kwa wanaotaka kuomba

Wengi wananiuliza kama hii kazi ya msaidizi wa utafiti, ile ya kufuatilia nani anaugua kifua kikuu na kwa nini ni maskini wanaoumia zaidi, inafaa kuombwa. Mimi nimeifanya Mukuru kwa Njenga na kwa Reuben, mitaa ya mabanda hapa Nairobi, taasisi sitaitaja, na jibu langu ni ombeni, nyota nne kati ya tano, ila msisaini kontrakti kabla hamjauliza maswali nitakayowapa hapo chini.

Kazi yenyewe iko hivi. Unapewa tableti, orodha ya wagonjwa waliokubali kutembelewa wakiwa kliniki ya kifua, na mhudumu wa afya wa jamii anayejua vichochoro vyote. Mkifika kwa mtu unamsomea fomu ya ridhaa, akikubali ndo unaanza: analala na wangapi, dirisha liko ama haliko, alianza kukohoa lini, alikimbilia wapi kwanza, ametumia pesa ngapi mpaka sasa, amekosa kazi siku ngapi.

Hapo kwa pesa na siku za kazi ndo utajifunza kitu ambacho darasani hukupewa. Dawa za TB Kenya ni za bure, miezi sita, dawa nne ile miezi miwili ya kwanza halafu mbili kwa minne iliyobaki, hilo kila mtu analijua. Sasa keti na kijana wa kibarua Industrial Area, analipwa kwa siku, alfajiri lazima awe getini ndo achaguliwe, na kliniki nayo inamtaka asubuhi hiyo hiyo. Akienda kliniki leo nyumbani hawali. Kwa hivyo anakohoa wiki baada ya wiki akinunua dawa ya kikohozi dukani, na siku anapimwa makohozi ashalala chumba kimoja na watu wanne, nyumba ya mabati ya futi kumi kwa kumi isiyoingia hewa. Ule utafiti wa taifa wa 2016 ulipata wagonjwa 558 kwa kila watu 100,000 wa miaka 15 kwenda juu, wanaume zaidi ya mara mbili ya wanawake, na wengi husema ati wanaume ni wakaidi hawapendi hospitali. Mimi nimewasikiliza hao wanaume na nawaambia ukaidi ni sehemu ndogo sana ya hii stori.

Na gharama je? Hesabu ya kitaifa ya 2017 ilionyesha zaidi ya robo ya familia zenye TB ya kawaida zilipoteza zaidi ya asilimia 20 ya kipato chao cha mwaka, na kwa TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, ni zaidi ya asilimia 80 ya familia. Shirika la Afya Duniani lilitaka familia za aina hiyo zifike sifuri 2020. Hizo pesa zinaenda kwa nauli, chakula, na mshahara uliokosekana.

Kwa mafunzo nawasifu kabisa. Tulifundishwa kuvaa barakoa ya N95 vizuri, kukaa nje ama mlangoni penye hewa, na kutouliza mtu kuhusu HIV jirani akiwa anasikia.

Sasa ile nyota moja niliyoshikilia. Kwanza dodoso, yale maswali ya kupima nani maskini na nani anajiweza. Unamuuliza mpangaji wa Mukuru ana ng'ombe wangapi na shamba ekari ngapi, halafu ukifika kwa simu na tivii karibu kila mtu anazo, mwishowe tableti inaona mtaa mzima ni watu sawa tu, na wewe umeona kwa macho yako kwamba huyu amelipa kodi na yule mlango wake umefungwa kufuli na landilodi. Hakuna swali la deni la kodi, hakuna swali la analipwa kwa siku ama kwa mwezi, na wanasema wanapima ukosefu wa usawa! Tulilalamika kwa supavaiza, tukaambiwa fomu ishapitishwa na kamati ya maadili haiwezi kubadilishwa.

Pili, wale wahudumu wa jamii. Bila wao hakuna mlango unafunguliwa, na walikuwa wanapewa nauli peke yake. Hiyo iliniuma na bado inaniuma, mtu anatembea na wewe jua kali mpaka jioni halafu kwa ripoti hata jina lake haliko.

Tatu, matokeo hayakurudi mtaani. Watu wananikuta stejini wananiuliza zile karatasi zilienda wapi, na sina cha kuwaambia.

Kwa hivyo ukiitwa intavyu uliza haya: bima ya afya inaanza siku ya kwanza ama baada ya probesheni, nani ananunua bando, mhudumu wa jamii analipwa ngapi, mkutano wa kurudisha matokeo kwa wakazi uko kwa bajeti ama hauko, na kuna mtu wa kuongea naye baada ya kumsikiliza mama aliyezika mtoto. Matangazo mengi yanataka diploma ya afya ya jamii ama sosholojia, lakini kama umekulia Mukuru, Mathare ama Korogocho andika hilo juu kabisa kwa wasifu wako, kwa timu yetu wale wa mtaani ndo walikuwa wanaambiwa ukweli.