TAHADHARI: Anayeuza rangi ya shaba ya "miaka kumi" hapa pwani ni mwizi

Ndugu zangu wenye vyombo, hasa nyinyi wenye mashua za faiba, msije mkaliwa kama nilivyoliwa mimi. Nina hasira mpaka mikono inatetemeka, na aibu ninayo, lakini nikinyamaza kesho atamla mwingine.

Chombo changu mnakijua na kazi yake mnaijua. Kila mwaka ni kukwangua makome, kupaka ile rangi nyekundu ya kawaida, na miezi haipiti mingi majani yameshashika tena. Mtu akikujia na epoksi ya unga wa shaba, yaani gundi ngumu yenye shaba ya kuzuia makome, ile ambayo wenye mashua za matanga huko Uingereza huipaka wenyewe na ikakaa miaka kumi, utaacha kumsikiliza?

Na huyu bwana kusema anajua. Alinikuta hapa Kilifi chini ya chombo, akatoa kibao cha faiba kwenye mkoba. Nusu yake imeota ukijani wa shaba iliyokaa baharini. Akashika msasa laini, akasugua kidogo tu, pakang'aa wekundu wa shaba mpya mbele ya macho yangu. "Nahodha, siri ya hii ni kukoroga, maana shaba huzama chini ya ndoo. Mkono wa pili upake wa kwanza ukiwa bado unanata, umalize yote siku moja. Ikishakauka vizuri, piga msasa shaba itokeze." Kila lita ya epoksi, akasema, kilo mbili za shaba. Na hayo yote ni kweli! Ndivyo kazi yenyewe inavyofanywa, niliuliza watu wanaoijua wakaniambia hivyo hivyo. Anayejua kazi kiasi hicho utamdhania tapeli? Nikamtumia pesa kwa M-Pesa. Makopo yakaja jioni kwa bodaboda, yamezibwa vizuri, lebo za kigeni zinameremeta.

Tukapandisha chombo nchi kavu, tukapaka mimi na vijana tangu alfajiri mpaka magharibi, mkono juu ya mkono, hakuna aliyekaa. Wageni wa msimu niliwaahirisha kwa ajili hiyo.

Kiliporudi majini, badala ya ukijani nikaona michirizi ya kutu kwenye mstari wa maji. Kutu kwenye faiba! Nikapiga mbizi: makome kutoka mkuku mpaka usukani. Fundi wangu akaleta sumaku ya spika mbovu, akaisogeza kwenye unga uliobaki koponi. Ukairukia wote, ukasimama kama ndevu. Shaba haishikwi na sumaku kamwe. Ametuuzia unga wa chuma uliotiwa rangi, mshenzi yule!

Simu yake haipatikani tena. Na epoksi si rangi ya kutoa kwa thina, ikishakauka ni kuisaga kwa grainda tumbo zima la chombo, na vumbi lile uvute wewe. Hasara ya kuitoa imepita bei ya kuinunua.

Mtu huyu afungwe. Anachukua riziki ya mabaharia na watoto wao. Sheria ya Kulinda Watumiaji ipo tangu 2012, itumike kwake, na wanaompa pa kulaza mali yake washikwe pamoja naye. Nimeshaandikisha polisi, namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) ninayo.

Za kumtambua: hana duka, lebo zake hazina namba ya toleo, na ukimwambia afungue kopo lililozibwa hapo hapo, ana haraka. Nendeni na sumaku. Lakini isiwatoshe, kwa sababu shaba njano, ambayo si shaba tupu, nayo haishikwi na sumaku; fungueni kopo lenyewe, msitosheke na kile kibao chake cha maonyesho.

Aliyeuziwa naye, kuanzia Mtwapa mpaka Lamu, aandikishe kituo kilicho karibu naye kisha anitumie namba ya OB tuunganishe kesi. Nataka arudishe pesa ya unga na pesa ya grainda, halafu aingie ndani.