Programu ya biashara: mitindo ya kulipia, kuanzia ninayoipendekeza hadi ya kuepuka

Wengi wanaotafuta programu ya kuuzia na kutunza hesabu za duka huanza kwa kuuliza bei. Mimi ningeanza na swali jingine: bei hiyo inahesabu nini? Inahesabu matawi, vichwa vya wafanyakazi, au thamani ya mauzo? Kile kinachohesabiwa ndicho kitakachopandisha bili mwaka ujao, kwa hiyo chagua kinachopanda pale tu mapato yako yanapopanda. Mpangilio huu ni wa biashara ya watu 3 hadi 15: famasi, duka la jumla, duka la vifaa vya ujenzi.

1. Bei moja kwa tawi, kila mwezi

Hii naiweka juu bila kusita. Unaweza kuongeza keshia wa msimu wa sikukuu na bili isisogee. Itapanda siku utakapofungua tawi la pili, na siku hiyo nawe utakuwa umeongeza mlango wa kuingizia pesa. Ukiona programu haikufai, unaachana nayo mwezi unaofuata.

Hakikisha tu bei ni ya shilingi. Programu ya dola 30 kwa mwezi ilimgharimu Mkenya takriban shilingi 3,700 mwanzoni mwa 2023, wakati dola ilikuwa kama 124. Mwezi Januari 2024 dola ilifika karibu 160, na programu ileile, bila muuzaji kugusa bei yake, ikawa shilingi 4,800. Baadaye shilingi ilipata nguvu tena, lakini duka haliwezi kupanga matumizi yake kwa kubahatisha hivyo. Uliza pia kama bei uliyotajiwa ni kabla ya VAT, maana 16% ya Kenya au 18% ya Tanzania Bara na Uganda si pesa ya kupuuza.

2. Malipo ya mwaka mzima

Ni nafuu kuliko mwezi kwa mwezi, na punguzo mara nyingi hufikia thamani ya mwezi mmoja au miwili. Ila lipa hivi baada ya kutumia programu kwa miezi mitatu hivi, ukiwa umeshafunga hesabu za mwisho wa mwezi na kuhesabu stoo walau mara moja. Soma masharti ya kupunguza watumiaji. Mfano mzuri ni Google Workspace, huduma ya barua pepe na nyaraka za ofisi: ukijifunga kwa mwaka unaweza kuongeza watumiaji wakati wowote, lakini kuwapunguza ni hadi mkataba uishe. Mfanyakazi akiondoka mwezi wa pili, nafasi yake unaendelea kuilipia.

3. Leseni ya kununua mara moja

Wazee wa biashara wanaipenda, na wana hoja: pesa ikitoka, imetoka. Tatizo ni kwamba sheria za kodi hazikai tuli. Nchini Kenya, tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya) haikubaliwi katika hesabu ya kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa. Programu iliyonunuliwa miaka kumi iliyopita na kuachwa bila masasisho haijui eTIMS ni nini.

Kwa hiyo bei ya kweli ya leseni ni leseni pamoja na huduma ya kila mwaka. Tally, programu ya uhasibu ambayo wahasibu wengi wa kwetu wanaifahamu, inauzwa hivyo: usipohuisha huduma yake, programu inaendelea kufanya kazi lakini matoleo mapya huyapati. Huo ni utaratibu wa haki, mradi uujue kabla ya kulipa. Jua pia kwamba mlango huu unazidi kufungwa. Adobe, watengenezaji wa Photoshop, ilitangaza mwaka 2013 kwamba inahamia kwenye malipo ya mwezi, na kampuni ya Broadcom iliacha kuuza leseni za kudumu za VMware, programu za kuendesha seva, Desemba 2023. Microsoft bado inauza Office 2024 kwa malipo ya mara moja, na kwa kompyuta moja ya mhasibu hiyo inatosha kabisa.

4. Bei kwa kila mtumiaji

Tuseme ni shilingi 1,500 kwa mtumiaji kwa mwezi. Watu wanane ni 12,000, na kwa mwaka 144,000. Lakini hasara ninayoiogopa zaidi haiko kwenye bili. Ili kubana matumizi, mwenye duka hununua nafasi mbili na wote wa kaunta wanatumia nywila moja. Mifuko kumi ya saruji ikipotea, kumbukumbu za programu zinaonyesha jina lilelile kwa kila risiti iliyofutwa na kila punguzo lililotolewa. Huna wa kumuuliza, na asiye na kosa anashukiwa pamoja na mwenye kosa. Mtindo huu unafaa ofisi ya watu wawili watatu. Kwa kaunta yenye zamu, hapana.

5. Asilimia ya mauzo

Hii inavutia kwa sababu siku ya kwanza hulipi kitu. Sasa piga hesabu: mfuko unaouzwa shilingi 800 ukikuachia faida ya 20, asilimia moja ya mauzo ni shilingi 8. Umetoa 40% ya faida yako. Anayeuza huduma au kazi ya mikono yenye faida nene anaweza kuimudu. Muuza saruji, sukari au vocha akae mbali nayo.

Na za bure? Kwa duka la mtu mmoja, anza nazo. KRA yenyewe inatoa njia za eTIMS bila malipo, na Odoo, programu ya kuendeshea biashara, ina toleo la bure kwa mwenye fundi wa kuisimamia. Angalia tu ukomo umewekwa wapi. Slack ya bure (programu ya mawasiliano ya kazini), kwa mfano, inakuonyesha ujumbe wa siku 90 tu zilizopita.

Mtindo wowote utakaochagua, ukiwa bado kwenye kipindi cha majaribio mwambie muuzaji akutolee mbele yako orodha ya bidhaa na ya madeni ya wateja katika faili la Excel. Akikupa PDF, au akisema utaombewa makao makuu, usilipe.