Sushushu wa Belfast, nimemtazama nikiwa Wete

Filamu yenyewe ni Fifty Dead Men Walking, ya 2008, imeongozwa na Kari Skogland, mwanamke wa Canada. Nimeitazama mara mbili wiki hii. Mie kazi yangu ni kushona kofia za viua, na usiku watoto wakishalala ndio muda wangu wa kutazama, kofia mapajani. Usiku wa kwanza kofia haikwenda. Karibu saa mbili nzima nimezungushia uzi vitundu vinne tu.

Ni Belfast, Ireland ya Kaskazini, 1988. Martin, anayechezwa na Jim Sturgess, ni kijana wa mtaa wa Wakatoliki anayepita mlango kwa mlango kuuza nguo za wizi. Fergus wa upelelezi wa Waingereza, ambaye ni Ben Kingsley, anamtaka ajiunge na IRA, wale wapiganaji waliotaka Mwingereza aondoke na Ireland iwe moja, kisha awe anamletea habari. Kwanza anakataa. Anakubali baada ya kuona ukatili wa IRA mtaani kwake mwenyewe. Tangu hapo anakula, anacheka na kulala katikati ya watu anaowachongea. Hao 50 wa kwenye jina ni watu ambao Martin wa kweli, Martin McGartland, anasema roho zao ziliokoka kwa sababu ya habari zake.

Kilichonikamata si bunduki, ni zile nyuso mbili, Martin na Fergus, kila wanapokutana kwa kuibia. Fergus anamtumia, naye anajua anamtumia, na huku anaanza kumpenda kama mwanawe. Kingsley hana haja ya kusema mengi, jicho lake linatosha. Martin naye anarudi nyumbani kwa Lara, mwanamke anayezaa naye, akiwa na siri kubwa kuliko nyumba yenyewe. Pale ndipo uzi uliponiponyoka.

Belfast mtu wa namna hii humwita "tout". Sisi tunasema sushushu, na kwa aliyekulia Pemba neno hilo si la mchezo. Baada ya uchaguzi wa 1995 nilikuwa msichana wa skuli. Watu wa CCM na wa CUF, vyama viwili vilivyoshindana, walisusiana maduka, harusi, hata maziko. Jirani yetu mmoja alivumishiwa kuwa anapeleka maneno. Hakuna aliyemshuhudia, ni uvumi tu. Mamake alipofariki, jeneza lilibebwa na watu sita, hawabadilishani, maana hapakuwa na wa kuwapokea. Mama alinizuia nisitoke, nikachungulia dirishani. Mmoja wao alikuwa mzee mno, kila baada ya hatua chache jeneza lilikuwa likiinama upande wake. Hadi maridhiano ya vyama hivyo ya 2009 yalipokuja, yule jirani alikuwa hasalimiwi. Kwa hiyo Martin anapotembea mtaani kwake na kila anayemwangalia anaweza kuwa ameshajua, sikuhitaji kueleweshwa.

Lakini kuna mambo yaliyoniudhi. Filamu inaanza na Martin kupigwa risasi huko Canada, 1999, kwa hiyo tangu mwanzo unajua atatoka Belfast salama, na hofu nyingi inakufa hapohapo. Isitoshe si kweli: McGartland alipigwa risasi mwaka huo huo, lakini Whitley Bay, Uingereza, akanusurika. Kwa nini kuhamisha damu ya mtu nchi nzima? Halafu yule Grace wa IRA, anayechezwa na Rose McGowan, kawekwa kwa ajili ya kutongoza tu, sikumwamini hata kidogo.

Kubwa zaidi ni kwamba hatuelezwi vya kutosha kwa nini watu wa mtaa ule waliwaficha IRA majumbani mwao. Ugomvi ule ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960, Wakatoliki wakilalamikia kubaguliwa kwenye nyumba, kazi na kura. Tarehe 30 Januari 1972, mjini Derry, wanajeshi wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji, wakafa 13 siku ile ile. Mpaka mkataba wa amani wa Aprili 1998 wamekufa watu wapatao 3,500. Bila ya hayo, mtazamaji anaona wakatili tu upande mmoja, na uzito wa anachokifanya Martin kwa watu wake unapungua. Dakika tano za historia zingetosha.

Nakala yangu ya kwanza ilikatika. Kijana wa kibanda cha filamu alinitilia kwenye fleshi, na Martin ameshakamatwa na IRA, yumo ghorofani anangojea kuhojiwa, picha ikaganda. Nililala naye kichwani. Asubuhi nikarudi, nikatiliwa nyingine bila ya kulipishwa tena.

Usiku wa pili mama mkwe alikaa nami. Kiingereza hakijui, lakini alifuata kila kitu. Martin aliporuka dirishani, kutoka juu kule, alishika mkono wangu wenye sindano.

"Amepona?"

"Amepona, mama."

"Atarudi kwao?"

"Harudi tena."

Akanyamaza, akaenda kutia udhu.

Mnaoitaka, itazameni pale pale kibandani hadi mwisho kabla ya kuichukua, na muweke maandishi chini, lafudhi ya Belfast ni nzito hata kwa aliyesoma. Watoto walale kwanza, kuna mateso mle ndani yanayooneshwa wazi.